Mwaka wa Hofu na Kamba ya Kisima

Ninyi vijana mkikutana na mimi mnapenda kuniuliza kisima kirefu kuliko vyote nilivyochimba kilikuwa na urefu gani. Hilo ni swali la mtu ambaye hajawahi kushuka. Aliyeshuka anauliza kitu kimoja: juu alikuwa nani?

Nimechimba visima tangu ndevu hazijaota mpaka magoti yaliponikatalia. Kasulu, Kibondo, Rungwe Mpya, mpaka Kakonko, kote huko watu wanakunywa jasho langu. Shule niliishia darasa la tatu, na hilo la tatu lenyewe nilikuwa nachunga mbuzi wa mwalimu zaidi kuliko kukaa darasani. Anayetafuta maneno mazuri aende kwa wenye vyeti. Lakini nyumba yangu ya tofali za kuchoma nimeijenga kwa sururu, watoto wangu wamesoma kwa sururu, na mimi Bukuru sijawahi kupiga hodi kwa mtu kuomba chumvi. Kwa hiyo nitasema ninachokijua.

Juzi, baada ya ibada, mmoja wenu alinishika mkono nje ya kanisa. "Babu," akasema, "mambo haya yote yanayotokea, wewe huogopi?" Mvua ilikuwa inakuja, nikamjibu kwa mkato. Sasa najibu vizuri.

Naogopa. Kila siku ya kazi yangu niliogopa. Anayewaambia kwamba alishuka kisimani kwa miaka mingi bila kuogopa, ama ni mwongo, ama alikuwa anakunywa gongo kabla ya kushuka, na wa namna hiyo tumewazika.

Aliyenifundisha kazi aliitwa Gwimo, mtu wa huku huku Nyakitonto, mfupi, mkali, meno yamekwisha kwa tumbaku. Alinifundisha kwamba kabla ya kushuka unatanguliza koroboi ndani ya ndoo. Ikizimika, huko chini hakuna hewa ya mtu. Unakata tawi lenye majani mengi, unalifunga kwenye kamba, unalishusha na kulipandisha kama mtu anayechovya, mpaka hewa igeuke. Halafu unajaribu taa tena. Nimeona vijana wenye haraka wakiiruka kazi hii kwa sababu taa iliwaka jana. Kisima kinalala na hewa moja na kuamka na nyingine.

Chombo chetu kilikuwa nguzo mbili zenye panda, gogo limelala juu yake, kamba imezungushwa kwenye gogo, na mpini kila upande. Watu wawili wanazungusha, mtu anashuka au anapanda akiwa amekalia kipande cha mti. Mafundi wengine walikuwa wanaweka kigingi cha kuzuia gogo, ili watu wa juu wapumzike. Gwimo alikataa katakata. "Nikikuwekea kigingi utakwenda kuwasha sigara," alisema. "Nataka uchoke. Ukichoka ndiyo utakumbuka kwamba kuna mtu." Ninyi wekeni kigingi, sitaki maiti juu yangu. Ila msikiamini kuliko mkono.

Na alikuwa na desturi moja ambayo sikuiona kwa fundi mwingine yeyote. Kila asubuhi, kabla mtu hajashuka, anayeshuka na wanaoshika mpini wanaweka mikono kwenye kamba. Anayeshuka anamtazama kila mmoja usoni na kuuliza, "Una neno na mimi?" Ukiwa na neno, unalitoa hapo hapo. Umenitukana jana. Mbuzi wako amekula maharage yangu. Ulimtazama mke wangu vibaya. Neno lisipotoka, hakuna anayeshuka. Gwimo hakuwa mtu wa kanisa, wala wa msikiti. Nilipomwuliza kama ile ni sala, alinitukana. Lakini mimi nimekaa kwenye ibada nyingi ndefu, na sijaona sala iliyonitoa jasho kama ile.

Nilipokuwa fundi mwenyewe, mtu wangu wa juu alikuwa Shabani, Mwislamu wa Kasulu mjini, ambaye baba yake alikuja kutoka Ujiji na magunia ya dagaa akasahau kurudi. Adhana ikilia nami niko chini, Shabani aliswali pale pale, kamba imezungushwa kiunoni. Shehe mmoja alimwuliza kama swala ya namna hiyo inafaa. Shabani akamjibu, "Shehe, siku nikimwacha huyu Mkristo shimoni nikaja msikitini, hapo ndipo uniulize vizuri." Amefariki mwaka juzi, Mungu amrehemu. Sijapata mwingine.

Kakonko ilipofanywa wilaya, wakubwa walitaka visima haraka. Asubuhi moja vibarua wangu wawili walikuwa wamenuniana kwa ajili ya baiskeli. Nikakataa kushuka. Tukakaa mpaka jua likawa utosini. Ofisa aliyetupa kazi, mtu wa Tanga, mpole, akaja na kofia yake kichwani.

"Mzee Bukuru, sisi tunakulipa kwa kuchimba au kwa kupatanisha watu?"

"Kwa vyote viwili, mheshimiwa. Cha pili sikukuandikia bei."

Alicheka, akakaa na sisi kwenye udongo. Ugomvi wa baiskeli ukaisha, nikashuka. Hicho kilikuwa kati ya visima vyangu vya mwisho. Baada yake magoti yalisema basi, nikarudi nyumbani kulima.

Sasa nije kwenye kiangazi cha mwaka huu wa 2015, maana hicho ndicho mlichokuwa mnaniuliza bila kukitaja.

Tangu mwezi wa tano watu wa Burundi walikuwa wanapita wakipelekwa kambini. Mimi nimewaona wa zamani na wa zamani zaidi, si kitu kipya kwangu. Kipya kilikuwa zile simu zenu. Mnakaa kijiweni mnaonyeshana maiti. Maiti wa wapi, hamjui. Wa mwaka gani, hamjui. Jioni habari imefika kwa mama zenu kwamba waasi wameingia pamoja na wakimbizi, kwamba wana bunduki ndani ya magodoro, kwamba kipindupindu kilichopiga kule ziwani kimeletwa makusudi. Kichekesho ni kwamba sisi Waha tukifika Dar es Salaam tunaitwa Warundi, na tunakasirika. Hapa kwetu tukawa ndio wa kwanza kulitumia jina hilo kama tusi.

Akaja mhubiri na spika juu ya gari. Akatuambia mwisho umefika, akatuuzia vichupa vya mafuta ya kupaka milangoni. Mke wangu alinunua. Sikumkataza, mtu anayeogopa humnyang'anyi kichupa. Lakini niliona jambo moja. Yule mhubiri alipoondoka, watu walifunga milango yao iliyopakwa mafuta mapema kuliko jana yake.

Kisima cha kitongoji chetu nilikichimba mimi na Shabani. Kiangazi kile maji yalishuka, yakaanza kutoa harufu ya tope. Wachotaji walikuwa wameongezeka, maana Warundi kadhaa walikuwa wanatoka kambini bila ruhusa kuja kulima kibarua kwenye mashamba yetu, na mwenyekiti wa kitongoji alikuwa anatazama pembeni kwa sababu hata shamba lake lililimwa hivyo. Halafu Zawadi, mtoto wa mama muuza chakula pale njia panda, akaharisha mpaka akalazwa. Alipona. Lakini maneno hayakupona. Yakasemwa kwamba kuna kitu Warundi wametupa kisimani. Watu wakaanza kwenda mtoni, mbali, kwenye maji ambayo ng'ombe wanakojolea, wakiona ndiyo salama.

Mwenyekiti akaja kwangu. "Mzee, kile kisima kinatakiwa kushushwa chini zaidi na kutolewa tope. Vijana wamekataa. Wanasema huko chini kuna kitu."

Niliwaita Juma na Fanueli, watoto wa mdogo wangu, ambao mimi mwenyewe nimewafundisha kazi.

"Baba mkubwa, kwa heshima," Juma akasema, "nina watoto wadogo."

"Kisima kinakula watoto siku hizi?"

"Baba mkubwa, wewe hujaona zile picha."

Pale shambani kwangu alikuwapo kibarua anaitwa Evaristi, Mrundi mtu mzima wa Makamba, mke na watoto wawili wako kambini. Alikuwa anapalilia mihogo yangu bila maneno. Akaegemea jembe. "Muzee," akasema, "mimi kule kwetu nilikuwa nachimba visima. Nitashuka."

Kesho yake nusu ya kitongoji ilikuwa pale kisimani. Hawakuja kusaidia, walikuja kutazama. Tukasimika nguzo, tukajaribu taa, ikawaka hadi chini. Juma na Fanueli walikubali kushika mpini, maana kushika mpini si kushuka. Nikawaambia waweke mikono kwenye kamba. Nikamweleza Evaristi desturi ya Gwimo, akaielewa upesi kuliko nilivyoielewa mimi ujanani. Akamtazama Juma.

"Una neno na mimi?"

"Sina."

"Na wewe?"

"Mimi sina neno, ndugu yangu," Fanueli akasema, akitazama miti.

Ndipo mama Zawadi akajipenyeza mbele, kitenge kimefungwa kiunoni, mwiko bado mkononi.

"Mimi ninalo!" akasema. "Mnaulizana wenyewe kwa wenyewe, mimi hamniulizi? Mwanangu alilazwa hospitali akatundikiwa dripu. Mnamshusha Mrundi kwenye maji ya watoto wetu, anakwenda kuweka nini? Simjui huyu. Namwogopa. Usiku silali kwa kumwogopa yeye na wenzake. Hilo ndilo neno langu."

Watu wakanong'ona. Evaristi hakukasirika. Akamwambia kwa Kiswahili chake cha kutafuta maneno, "Mama, na mimi nakuogopa wewe. Nimekimbia watu ambao walikuwa majirani zangu."

Nikamwambia mama Zawadi asogee nyuma, kwa sababu mwenye neno hagusi kamba. Ndivyo nilivyoielewa desturi miaka yote. Akasogea, lakini hakuondoka.

Evaristi alifanya kazi kama fundi. Alijaza tope kwenye ndoo, tukavuta, akajaza, tukavuta. Kitu kilichokuwa chini kikapanda: kandambili, majani yaliyooza, na panya mmoja aliyekufa zamani. Nikamwonyesha mama Zawadi yule panya. "Huyo ndiye muasi wako," nikasema. Watu wengine walicheka, yeye hakucheka.

Saa ya kula ikafika. Evaristi akakalia kipande chake cha mti, akatikisa kamba, Juma na Fanueli wakaanza kumpandisha. Alikuwa amefika katikati ya kisima, chini yake mawe na maji kidogo, na hiyo ndiyo sehemu mbaya kuliko zote, kwa sababu hakuna ukuta wa kushika wala sakafu ya karibu. Hapo ndipo mlipuko ukasikika kutoka barabarani. Paa! Halafu mwingine.

Mtu akapiga kelele, "Wameingia!"

Sijawahi kuona watu wakiisha upesi namna ile. Wanawake, watoto, mwenyekiti na kofia yake, wote ndani ya mihogo. Juma akaachia. Fanueli akaachia. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kigoda karibu na gogo. Na miguu yangu, niwaambie ukweli, ilikuwa imeshageukia nyumbani. Ila mikono ina akili yake baada ya miaka mingi. Mpini ulikuwa unarudi kwa nguvu, ukanipiga ubavuni, nikaulalia kwa kifua. Kamba ikateleza kidogo, ikasimama. Kigingi hakikuwapo, mnajua kwa nini. Kulikuwa na kifua cha mzee tu.

Kutoka chini ikaja sauti. "Muzee?"

"Ndi hano," nikamwambia. Niko hapa. Kilugha chetu na chao hapo ni kimoja.

"Ni nini huko?"

"Sijui."

"Wako wapi wengine?"

Sikumdanganya. "Wamekimbia."

Nami nikataka kuomba, nikajikuta sala zote nilizofundishwa zimenitoka. Hata ile ya kila siku niliitafuta nikaikosa. Kilichobaki kinywani ni hilo moja, nikawa nalirudia kumwambia yeye, na ninavyofikiri sasa, nilikuwa namwambia na Mungu, kwamba mimi niko hapa, na kwamba yeye naye aje kwa sababu mimi siwezi. Ubavu ulikuwa unawaka. Mpini ulianza kuninyanyua.

Nikasikia hatua. Mama Zawadi alikuwa anarudi kutoka kwenye mihogo, peke yake, analia kwa sauti kama mtoto, anatetemeka mpaka meno yanagongana. Akashika mpini wa upande wa pili.

"Mzee, watatuua," akasema.

"Inawezekana. Zungusha."

"Nafsi yangu inaniambia nikimbie."

"Na yangu. Zungusha, mama."

Akazungusha. Analia na kuzungusha, analia na kuzungusha. Hakuna wakati hata mmoja ambapo alikuwa jasiri, mnielewe. Alipofika mahali pa kupumzisha mkono, hakupumzika. Kichwa cha Evaristi kikatokea, halafu mabega, akashika ukingo, akajitupa juu ya udongo, akatapika.

Mlipuko ulikuwa matairi ya lori la mihogo. Mawili, moja baada ya lingine. Dereva alikuwa barabarani anamtukana aliyempakilia mzigo.

Watu walirudi taratibu, kila mmoja akieleza kwamba alikuwa amekwenda kutafuta msaada. Juma hakuja mpaka jioni. Sikumgombeza. Nilimwambia tu kwamba asubuhi alisema hana neno, na kumbe alikuwa nalo kubwa kuliko la yule mama, ila alilificha chini ya ulimi. Akainama.

Nililala siku kadhaa, ubavu umefungwa kitambaa, mke wangu ananipaka yale mafuta ya mhubiri. Mazuri kwa kuchua, sitayasema vibaya. Nikiwa pale kitandani nilikuwa na muda wa kufikiri, kitu ambacho mtu wa sururu hakipati mara nyingi. Nikagundua kwamba Gwimo hakuwahi kusema mwenye neno asiguse kamba. Alisema neno litoke, basi. Hayo mengine nilijiongezea mimi.

Ninyi mnataka mtu awaondolee hofu. Mnamtafuta kwa mhubiri, mnamtafuta kwa mwanasiasa, mnamtafuta kwenye simu, na simu ndiyo inayowaongezea. Mimi sina dawa hiyo. Ninachoamini, na nitakwenda nacho kaburini, ni kwamba hofu iliyosemwa mbele ya yule unayemwogopa inakuwa na ukubwa wa mtu mmoja. Ile inayonong'onwa kijiweni haina ukubwa, inajaa nchi nzima. Na Mungu sijamwona akimwondolea mtu hofu kwanza ndipo ampe kazi. Kazi inakuja na hofu yake ndani, unapokea vyote pamoja. Mkienda kusali, msiombe kutoogopa. Mwambieni mnamwogopa nani, kwa jina, halafu mwangalie mnachotakiwa kushika.

Kazi ya kisima ilikuwa haijaisha. Nilipoweza kukaa, nilipelekwa pale kwa bodaboda. Watu walikuwapo tena, na safari hii wengi walitaka kushika mpini. Juma alikuwa wa kwanza, Fanueli nyuma yake, hata mwenyekiti alikuwa amekunja mikono ya shati. Wote walikuwa tayari kuweka mikono kwenye kamba na kutoa maneno yao, na mengine yalikuwa ya kweli.

Evaristi aliwatazama mmoja mmoja. Hakuwakataa kwa dharau. Kisha akaelekeza kidole njia panda, kule ambako mama Zawadi alikuwa anapuliza moto kwenye jiko lake, mtoto wake mwenye afya amekaa pembeni anamenya vitunguu.

"Namtaka yule mama."

Wakamwita. Akaja huku anafuta mikono kwenye kitenge.

"Mimi?" akasema. "Mimi niliyekusema mbele ya watu wote?"

"Wewe."

"Bado nakuogopa kidogo. Nisikudanganye."

"Najua. Siku ile ulitetemeka mpaka kamba ikatetemeka. Niliisikia mwilini mwangu kule chini. Ilitetemeka njia nzima, lakini haikurudi nyuma."

Mama Zawadi alitazama kisima, akatazama mikono yake, akatazama jiko lake linavyotoa moshi.

"Basi ngojeni," akasema, "nikaepue maharage."

Tukamngoja.